Magunia Ishirini Juu ya Manowari ya Mwaya

Mwaka 1996 nilikaribia kwenda jela kwa sababu ya magunia ishirini ya mchele.

Sikuyaiba. Sikuyala. Yalikuwa yamepangwa juu ya meli ya kivita, na meli ikainama kuliko ilivyotakiwa.

Ndiyo, umesoma vizuri. Meli ya kivita. Kyela.

Najua wengine mnaijua Kyela kwa mchele tu, hata kwamba tuna ziwa mnasahau. Hamna kosa. Hata sisi tulishangaa.

Naitwa Andongwisye, nyumbani Busale, kazi yangu kuchomelea vyuma. Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na saba, cheti cha ufundi nilichokipata Mbeya, na miwani ya kuchomelea iliyopasuka kioo kimoja.

Mradi ulianza miaka miwili nyuma, mwishoni mwa enzi za ruksa. Ushirika wetu umeshalala chali, mitumba imejaa sokoni, na kila mtu mwenye viatu vya kung'aa anaitwa mwekezaji.

Basi wakaja wawekezaji na mchoro wa korveti.

Korveti ni manowari ndogo. Ni kubwa kuliko boti ya doria, ndogo kuliko zile mnazoziona kwenye sinema. Ilisemwa italinda ziwa dhidi ya magendo. Magendo yenyewe ya ziwa letu wakati huo yalikuwa sukari na sabuni, lakini sukari nayo ni adui ikijipanga.

Kwenye mchoro wa kwanza meli ilikuwa na urefu wa mita sitini. Fedha zilipofika Mwaya, pale ufukweni tulipoijengea, ilikuwa imebaki mita thelathini na nane. Jina halikupungua hata herufi moja.

Ubavu wake ulichorwa kwa kuinama, usiwe wima, ili mawimbi ya rada ya adui yateleze na asiione.

Adui asiione! Wakati kina mama wa usipa, vile visamaki vya ziwani, walikuwa wanapita hapo kila asubuhi na mitumbwi yao, wanatupungia mikono, wanauliza itakwisha lini.

Mchoraji na msimamizi alikuwa Mhandisi Mudathiri, mtu wa Tanga aliyesomea kuunda meli huko Ulaya. Mwembamba, mkali, penseli sikioni. Hakuwa na utani hata wa bahati mbaya.

Mabamba ya chuma yalikuja kwa treni hadi Mbeya, kisha yakashushwa kwa malori kwenye kona za Tukuyu. Tuliijenga kwa vipande saba. Kila kipande tulikijenga kichwa chini, ili fundi achomelee akiangalia chini na chuma kilichoyeyuka kisimdondokee usoni. Kikikamilika kinageuzwa kwa winchi na kuunganishwa na mwenzake.

Mimi nilikuwa kiongozi wa mafundi wa chini. Mkuku ambao ndio uti wa mgongo wa meli, mataruma ambayo ndiyo mbavu zake, mabamba yote yanayokaa majini, hayo yalikuwa yangu.

Mudathiri alinikatia kazi yangu mara tatu.

"Hii imeshika nje tu," ananiambia. "Ndani ni hewa. Kata. Rudia."

Nilimchukia miezi sita. Baadaye nikashangaa kugundua nimekuwa fundi kweli, na nikaanza kuipenda ile meli kwa dhati. Nikitoka kazini nageuka kuiangalia. Sijawahi kumwambia mtu hilo, maana kwa sura yangu lisingeaminika.

Nyumba ya juu aliifanya ya alumini ili iwe nyepesi. Hapo ndipo alipogombana na Mwenyekiti wa kamati ya mradi, Bwana Eliud.

Mradi ulikuwa na kamati ya watu kumi na mmoja. Kati yao aliyewahi kuunda kitu kinachoelea hakuwepo. Bwana Eliud alitaka juu ya nyumba ya nahodha kiwekwe chumba cha wageni, chenye vioo na makochi.

"Mwenyekiti, huu ni uzito wa juu," Mudathiri akamwambia. "Kila kilo unayoiweka juu, meli itaikumbuka siku ya wimbi."

"Mhandisi, wageni watakaa wapi sasa?"

"Nchi kavu."

Chumba hakikujengwa. Bwana Eliud hakusahau.

Mwezi wa nane meli ikashushwa majini kimya kimya. Kabla ya uzinduzi ilibidi ipimwe kama ina msimamo.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Unatundika timazi ndani ya meli, ile ile ya mafundi wa nyumba. Risasi yake, kile kipande kizito cha chini, unaizamisha kwenye ndoo ya oili chafu ili isiyumbe. Nyuma ya kamba unaweka rula. Kisha unahamisha uzito unaoujua kutoka katikati ya meli kwenda kulia, halafu kushoto, na unasoma timazi imesogea kiasi gani.

Kutokana na hapo mhandisi anapata namba moja. Namba hiyo ni ubishi wa meli, yaani wimbi likiilaza, yenyewe inagoma kulala kwa nguvu kiasi gani. Yetu ilitakiwa ifike sitini.

Neno la kukumbuka ni moja: uzito unaoujua.

Mudathiri alikuwa ameagiza vyuma vya kilo mia mia, vilivyopimwa na kupigwa muhuri. Vikapotelea kwenye stesheni fulani huko njiani. Uzinduzi umebakiza wiki mbili, wageni wameshaalikwa, na ng'ombe wa kuchinjwa wameshaoneshwa kwa kidole.

"Watu wa Kyela tunakosa kitu kizito?" Bwana Eliud akasema. "Mzee Godwin atatuazima mchele."

Godwin ni mtu wetu wa Ngana, mzee wa kanisa, mnunuzi mkubwa wa mchele tangu ushirika ufe. Akaleta magunia ishirini kwa lori lake, bure kabisa, na akaomba tu jina lake litajwe kwenye hotuba.

Kila gunia lilikuwa limechapwa kwa rangi ya bluu: KILO 100.

Mudathiri ni mtu wa kuamini maandishi. Akaandika mia mara ishirini, sawa na tani mbili. Hakuuliza. Na sisi hatukumwambia kitu, maana kwetu hakuna anayeuliza gunia lina kilo ngapi. Gunia ni gunia.

Asubuhi, kabla upepo haujaamka, tukahamisha magunia. Wapagazi walihema, wawili wawili kwa kila gunia.

Timazi ikasogea. Ikasogea tena. Mudathiri akainama kwenye rula, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akainama tena.

Akapiga hesabu mara tatu.

Arobaini na nane.

"Meli hii juu ni nzito, chini ni nyepesi," akasema taratibu. "Kwenye wimbi la ziwa hili itapinduka na watu wake."

Halafu Bwana Eliud akauliza swali ambalo nadhani alilisubiri tangu siku ya makochi.

"Chini alichomelea nani?"

Watu wote wakaniangalia mimi.

Kufikia saa nne nilikuwa mhujumu. Ilisemwa niliuza mabamba mazito na kuweka mepesi. Ushahidi? Pale sokoni Kyela mjini kulikuwa na majiko mapya ya mkaa yenye bati nene. Basi. Manowari ya taifa imekuwa majiko.

Utasema si wangetoboa bamba wapime unene? Watoboe tundu chini ya meli mpya ya kivita iliyoko majini? Hata kamati ile ilikuwa na mipaka yake.

"Una siku tatu," Bwana Eliud akaniambia. "Jumatatu polisi wanakuja. Useme chuma kiko wapi."

Mudathiri hakunitetea. Alisema tu, "Namba haidanganyi, Ando." Hilo liliniuma kuliko polisi.

Sasa hapa niwaambie jambo nililolibana.

Mimi nilijua tangu lori liliposhusha magunia.

Nilijua yale magunia hayana kilo mia. Yalikuwa lumbesa. Gunia la haki kwetu ni debe sita. Lumbesa linashindiliwa hadi linakuwa gumu, kisha linaongezewa kichwa juu na kushonewa kamba mpaka linaingia debe nane. Mkulima analipwa la sita.

Na nilijua kwa sababu kabla ya kwenda chuo nilikuwa mshindiliaji wa Godwin kwa misimu miwili. Karo yangu ilitoka humo.

Wakulima waliona kile kichwa cha gunia, si kwamba hawakuona. Godwin aliwaambia ni cha kufidia unyevu. Mchele ukifika mjini unakauka, unarudi mia kamili. Nani angebisha? Mizani ya ushirika ilikuwa imeshafungiwa.

Ningeweza kusema siku ile ile pale kwenye meli. Kwa nini sikusema?

Kwa sababu ya mtu mmoja.

Mama yangu, juba kama tunavyomwita kwetu, alisikia habari kesho yake. Akakodi baiskeli kutoka Busale hadi Mwaya, akabebwa pamoja na kikapu chake cha ndizi mbivu, akakaa getini kwenye karakana. Kila aliyepita alimwambia maneno yale yale.

"Mwanangu hajawahi kumpunja mtu. Muulizeni yeyote Busale."

Niliyasikia kutoka ndani. Nikakaa chini juu ya kopo la rangi.

Maana msimu ule wa kwanza mama ndiye aliyewaambia majirani wampelekee Godwin mchele. "Anayepakia ni Ando wangu," aliwaambia. "Tutaibiwaje?"

Na wakaja wote. Na nikawashindilia wote, pamoja na yeye.

Jumamosi nzima nilipiga hesabu. Nikinyamaza, nakwenda jela kama mwizi wa chuma ambacho sikuiba. Nikisema, natoka huru kama mwizi wa mchele ambao niliiba kweli.

Nilifikiria kunyamaza. Sitawadanganya. Jela angalau kungekuwa na mwanya wa kuonewa huruma.

Kilichonikatia shauri ni meli. Mudathiri alikuwa ameamuru imwagwe zege chini, tani kumi na tano, kuiongezea uzito. Zege lile lingeididimiza mpaka tumbo lake lisiweze kuvuka fungu la mchanga la pale pa kutokea ziwani. Ingekaa hapo hapo Mwaya ikiota kutu na kutagiwa mayai na bata. Kazi yangu ya miaka miwili.

Jumapili nikaenda Kyela mjini kwa Bi Habiba.

Bi Habiba alikuwa na duka la nguo na chumvi, asili yao pwani, lakini yeye amezaliwa hapa hapa. Mali za ushirika zilipopigwa mnada, watu waligombania pikipiki na makabati. Yeye alinunua ile mizani kubwa ya kusimama, akawa ananunua kakao kwa kilo. Watu walimcheka kwamba anajichosha.

"Shikamoo, Bi Habiba. Naomba mizani yako kesho Mwaya."

"Marahaba. Unataka kupima nini?"

"Mchele wa Mzee Godwin."

Akaweka chini futi yake ya kupimia nguo.

"Wewe si ndiye uliyekuwa unapakia pale?"

"Ndiye."

"Mama yako atakuwepo?"

"Haondoki getini."

"Basi nenda kaoge," akasema. "Kesho utahitaji uso msafi. Mizani nitaileta mwenyewe, nisije nikaipata imevunjika kwa bahati mbaya."

Jumatatu uwanja ulijaa. Kamati yote kumi na moja, polisi wawili, Godwin na suti yake ya kanisani, mama yangu na kina mama wa Busale karibu ishirini waliokuja kunitetea. Walikuja kunitetea, mnasikia?

Mizani ikashushwa kutoka kwenye mkokoteni, Bi Habiba akiisimamia.

"Mhandisi," nikasema, "pima gunia moja."

Mudathiri alinikunjia uso, lakini namba ni udhaifu wake. Likapandishwa.

Kilo mia thelathini na sita.

La pili, mia thelathini na saba. La tatu, mia thelathini na tano.

Sijawahi kuona binadamu akifurahi kwa kukosea namna ile. Mudathiri alichomoa penseli, akapiga hesabu kwenye gunia lenyewe.

"Sitini na tano!" akapiga kelele. "Iko sitini na tano! Meli ni nzima! Uzito wangu ndio ulikuwa wa uongo, ndiyo maana timazi ilisogea sana!"

Ningeishia hapo ningekuwa shujaa. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu.

Godwin akakohoa.

"Mwenyekiti, gunia langu ni kilo mia. Limeandikwa. Huyu kijana amekuwa humu ndani siku tatu na magunia haya. Ameongeza mchanga ndani ili ajiokoe. Mchele wa uzito huo ni debe nane, na debe nane haziingii kwenye gunia hili, mkulima yeyote anajua."

Kina mama wakatikisa vichwa kukubali. Ni kweli, haziingii. Walishajaribu wote nyumbani kwao.

"Polisi," Bwana Eliud akasema.

Nikaona yule askari mrefu anafungua pingu.

"Nileteeni gunia tupu," nikasema. "Na debe."

Wakaleta. Nikavua shati.

Nikamimina debe mbili. Nikalishika gunia masikio, nikalinyanyua na kulibwaga, mara tatu. Goti ubavuni, zungusha, goti. Debe mbili tena. Bwaga, goti, zungusha. Debe ya tano, ya sita. Gunia likafika mdomoni, limejaa, hapo ndipo mkulima anaposhona.

Nikachukua mchi wa mbao, nikashindilia pembeni kwa pembeni. Ya saba ikaingia.

Kina mama wa Busale wakasogea mbele.

Kwa ya nane unakunja midomo ya gunia nje, unasuka kamba huku na huku kutengeneza kichwa, unamimina kidogo kidogo na kukaza. Miaka mingi ilikuwa imepita. Vidole havikusahau hata fundo moja.

Nikafunga. Nikalipandisha kwenye mizani.

Mia thelathini na sita na nusu.

Hakuna aliyeangalia mizani. Kina mama wa Busale walikuwa wanaangalia mikono yangu.

"Ando," mama akaniita. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Hayo umejifunzia wapi?"

"Kwa Mzee Godwin, juba."

"Na yangu ulikuwa unafunga hivyo hivyo?"

Nilitaka kusema mengi. Karo, ujana, kuagizwa.

"Ndiyo, juba. Yako pia."

Alifunga kanga yake vizuri kiunoni, akachukua kikapu chake cha ndizi, akatoka getini. Kina mama wakamfuata. Hakuna aliyenitukana, na ningelipa ili mmoja wao anitukane.

Polisi wakarudisha pingu. Nilikuwa huru.

Godwin aliundiwa kamati. Kamati ilikaa vikao vinne, ikanywa soda, ikaona suala lina pande mbili. Mwaka uliofuata yeye mwenyewe aliingizwa kwenye kamati ya wilaya ya kusimamia vipimo. Mimi nasimulia tu.

Jioni ile nilimkuta mama jikoni Busale. Hakugeuka.

"Uzinduzi lini?" akauliza.

"Alhamisi ya wiki ijayo."

"Kuanzia kesho utamwomba Bi Habiba mizani yake. Utapita kila nyumba niliyoileta kwa Godwin. Utapima gunia lao mbele yao, na utasema mwenyewe ulichofanya. Mimi nitakuwa nyuma yako. Maana mimi ndiye niliyewaambia wakuamini."

"Juba, Alhamisi mimi ndiye nitakayesimama kwenye sitaha na Mhandisi. Ameshaniombea nafasi."

"Nyumba ni thelathini na moja," akasema. "Usiponiongezea maneno utamaliza."

Sikumaliza.

Alhamisi ile, wageni wakipanda manowari ya Mwaya, bendi ikipiga, Bwana Eliud akisoma jina la Godwin kwenye hotuba, mimi nilikuwa nyumba ya ishirini na tatu nikisukuma mkokoteni wenye mizani kwenye tope la majaruba. Upepo ulituletea honi ya meli kwa mbali. Honi niliyoifunga mimi.

Nyumba hiyo ilikuwa ya bibi mmoja mjane, Angetile. Amekaa kwenye kigoda anapepeta.

Nikamwamkia, nikapiga magoti, nikasema kama nilivyosema kwenye zile ishirini na mbili. Wengine walinifukuza. Mmoja alinirushia maji ya kuoshea vyombo, na nilimshukuru.

Bibi Angetile alisikiliza hadi mwisho.

"Kila gunia debe mbili?"

"Debe mbili, bibi."

Akaulaza ungo mapajani.

"Nilikuwa nagombana na marehemu," akasema. "Nikipima nyumbani nina magunia manane. Tukifika kwa Godwin yanakuwa sita. Nilimwambia anauza mawili njiani kwa ajili ya pombe. Amekufa anakataa."

Nilishindwa kuinua uso.

"Ndaga," akaniambia. Asante. Alisema asante, na akarudi kupepeta mchele wake.

Mama alinishika bega. Ilikuwa mara ya kwanza kunigusa tangu Jumatatu ile. Nililia hapo hapo kwenye tope, mtu mzima, fundi wa manowari.

Mnaotafuta funzo, hili hapa. Ilihitajika meli ya kivita nzima, mhandisi aliyesomea Ulaya, kamati ya watu kumi na mmoja na polisi wawili ili mimi nimwambie mama yangu ukweli mmoja. Wewe kama una wako nyumbani, useme leo. Serikali haina manowari za kutosha kila mtu.